Nasaba ya Kiboko

Nilizaliwa Pangani, nikasoma chuoni kabla ya skuli, kisha nikawa mwalimu wa bayolojia hadi nilipostaafu. Hayo yatosha, kwani sikuishika kalamu ili nisimulie utoto. Nimeishika kwa sababu mwalimu wangu, ambaye baadaye tulifundisha pamoja, amefariki, na katika hitima yake walimu vijana walimsifu kwa upole, asitokee hata mmoja wao kulitaja jambo alilolipigania hata wakubwa wakamchukia, nalo ni namna ya kuwafundisha wanafunzi nasaba za viumbe kwa ushahidi wa molekuli.

Alianza na sitokromu si, protini ambayo kwa binadamu ina asidi amino 104, akiwaachia wanafunzi wahesabu wenyewe: baina ya mtu na sokwe hapana tofauti hata moja, na baina ya mtu na farasi zipo 12. Aghalabu walimu huishia hapo, ilhali kwake yeye somo lilikuwa halijaanza. Kwa maana tarakimu tupu humfanya mtoto adhani viumbe wamepangwa daraja, farasi chini na mtu juu, hali wote wako hai leo na kila mmoja amepitia zamani ndefu sawasawa na yetu.

Hapo akauliza ndugu wa kiboko ni nani. Darasa zima likajibu nguruwe, kama walivyosema wataalamu wengi kwa kutazama meno na miguu. Ndipo alipowaeleza kazi ya Norihiro Okada wa Japani na wenzake, ambao mwaka 1999 walionyesha kwamba vipande vifupi vya DNA, vyenye tabia ya kujinakili na kujipachika, vimekaa mahali pale pale kwa kiboko na nyangumi, wala hapo havipo kwa nguruwe, ng'ombe na ngamia. Nakala mbili za utenzi zikiruka ubeti ule ule, aliwaambia, mchunguzi hatasema wanukuzi wawili wamesahau kwa sadfa. Atasema zote zimetokana na nakala moja iliyokwisha kuuruka.

Mkaguzi mmoja aliyehudhuria alighadhibika: mtihani hauulizi viboko, jedwali la tarakimu latosha, na kuchora miti ya nasaba ni kupoteza wakati. Nilimjibu siku ile na namjibu tena leo, kwamba viumbe wawili huweza kufanana kwa kuwa wote hawakubadilika, na kufanana huko si hoja ya udugu wa karibu. Hoja ni badiliko walilolirithi pamoja, nalo halionekani katika jumla ya tofauti. Enyi walimu vijana, msiwape watoto mti uliokwisha kuchorwa! Wapeni mifuatano ya molekuli na karatasi, muwaache wabishane hata kengele ilie.

Mwaka 2001 zilitangazwa habari za mifupa ya nyangumi wa kale iliyochimbuliwa Pakistani, yenye kifundo cha mguu cha namna ile ile waliyo nayo wanyama wa kwato shufwa, ambao kiboko ni mmojawapo. Ikaafikiana na mti ambao wanafunzi wa marehemu walikuwa wamekwisha kuuchora kwa penseli, mbele ya mkaguzi yule, bila kuuona mfupa wowote.