Ukurasa uliokataa kuenea kwenye simu ya mama

Fedha za upatu zilikuwa za kununulia mashine ya ovaloki. Mama huyo, fundi cherehani wa Morogoro, alizisubiri miezi kumi, na zamu yake ilipofika akampa mwanawe anunue kompyuta mpakato iliyotumika. Kijana alikuwa amemaliza kidato cha sita, yuko nyumbani, na alitaka kujifunza kutengeneza kurasa za wavuti. Wifi yake mama hakuficha: "Umemnunulia mtoto kitu cha kuchezea." Mama alinyamaza, ila neno lilimkaa. Kila usiku alipomkuta kijana ameinamia kioo sebuleni, alijizuia kuuliza: hii itaingiza nini, na lini?

Mwezi wa tatu kijana akamwita. Alikuwa anajifunza Bootstrap, mkusanyiko wa vipande vya CSS vilivyokwisha kuandaliwa: vitufe, menyu, kadi za picha. Waliouanzisha, Mark Otto na Jacob Thornton, walikuwa wafanyakazi wa Twitter, na ulitolewa bure kwa umma mwaka 2011. Kwa vipande hivyo alikuwa ametengeneza ukurasa wa magauni ya mama yake, picha tatu tatu kwa mstari, bei chini ya kila picha. Kwenye kompyuta ulipendeza kweli.

Mama akaomba aufungue kwenye simu yake, ile yenye ufa. Maandishi yakawa madogo kama punje za ulezi. Akapanua kwa vidole viwili. Gauni likajaa kioo, bei ikatoroka pembeni.

"Mama, kwangu unaonekana vizuri."

"Kwako. Wateja wangu wana simu kama hii."

"Mambo haya huyaelewi."

Mzazi anayelipia kitu asichokijua amewahi kulisikia jibu hilo, na linauma. Mama angeweza kutaja zile fedha. Hakuzitaja. Alirudi kwenye cherehani, na asubuhi, akiweka chai mezani, alisema tu: "Baba, umeshona kwa kipimo chako, na mvaaji ni mwingine."

Kijana hakujibu. Jioni ndipo alipoona kwamba amesahau mstari mmoja juu ya msimbo, ule unaoiambia simu itumie upana wake halisi. Bila mstari huo, simu nyingi huuchora ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980, kisha huubana wote uenee kiganjani. Akauongeza. Maandishi yakakua, lakini picha bado zilisongamana tatu tatu, maana alikuwa ameandika col-4 kwa vioo vyote, vikubwa na vidogo.

Akamwita mama tena, safari hii kwa sauti ya chini. Akaeleza kwamba upana wa ukurasa umegawanywa sehemu 12. Mama akadaka kabla hajamaliza: 12 hukatika kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 6, na kitambaa hakibaki. Sasa kwa nini kwenye simu picha moja isichukue zote 12?

Ndivyo ilivyotakiwa. Kijana akaandika col-12, picha moja kwa mstari; kisha col-md-6, mbili mbili kuanzia pikseli 768; kisha col-lg-4, tatu tatu kuanzia 992. Unaanza na kioo kidogo, halafu unapanua. Bootstrap yenyewe imepangwa kuanzia kwenye simu tangu toleo la tatu, la mwaka 2013.

Walikaa hadi saa tano usiku, kijana akibadilisha, mama akisoma kwa sauti anachokiona. Kitufe cha kuagiza kilikuwa kidogo kwa dole gumba lake. Akataka kienee ukingo hadi ukingo.

"Kitakuwa kibaya, mama."

"Kibaya kwa nani?"

Kikapanuliwa.

Ovaloki bado haijanunuliwa. Nguo zinapelekwa kwa jirani kumaliziwa pindo. Kesho yake wifi alitumiwa ukurasa kwa WhatsApp. Juu ya kompyuta hakusema lolote. Aliuliza kama lile gauni la pili kutoka juu linapatikana kwa rangi ya zambarau.