Kilomita Nilizozitunga Mlimani

Nina deni la ukweli kwa watu niliopanda nao milima ya Uluguru. Niliulizwa tumetembea umbali gani, nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua, ilhali sikuwa najua. Mwenzetu mmoja alivunjika kifundo cha mguu kwa sababu aliliamini jibu lile. Amekwisha kunisamehe, na ndugu zake hawakuniwekea kinyongo. Lakini mbele za watu nimekuwa nikiisimulia habari hii kama ajali iliyotushukia tu. Haikuwa hivyo. Lilikuwa kosa langu, na nitalieleza kama lilivyokuwa.

Tulikuwa wafanyakazi wa ofisi moja pamoja na jamaa zetu. Tulikusudia kufika Bondwa, kilele chenye minara ya mawasiliano kinachoonekana kutoka Morogoro mjini. Mji uko kwenye mita kama 500 kutoka usawa wa bahari, na Bondwa inapita mita 2,100. Njiani kuna Morningside, jengo la zamani la enzi za Wajerumani, kwenye mita kama 1,300. Mimi nilikuwa nimewahi kufika huko, ndiyo maana wenzangu walinikabidhi uongozi. Kibali tulikilipia, ila mwongoza njia nilimkataa nikisema njia naijua. Ni kweli nilijua wapi pa kukunja kulia na wapi pa kukunja kushoto. Nisichokijua ni urefu wa njia ile, wala muda ambao ingewachukua watu wasiozoea mlima.

Tulianza kupanda saa tatu asubuhi. Akina mama wa Kiluguru wanaoteremsha ndizi na mboga sokoni huondoka alfajiri, na saa ile wengine walikuwa tayari wanarudi kwao. Tulimkuta mmoja amepumzika kando ya njia, kikapu chake kitupu. Tukamwamkia, akaitikia, akauliza tunakokwenda. Nilipomwambia Bondwa, alilitazama jua, akawatazama wenzangu mmoja mmoja, kisha akasema: "Kufika mtafika, wanangu. Ila kushuka giza litawakuta msituni."

Nilimshukuru, tukaendelea. Moyoni nilijiambia kwamba mama yule hana ramani wala saa, na hajui mwendo wetu. Alikuwa ameupanda mlima ule tangu utoto wake. Alikuwa amenipa, bila malipo, kipimo sahihi kuliko vyote nilivyovisikia siku ile, nami nilikidharau kwa sababu hakikutajwa kwa kilomita. Kati ya yote niliyoyafanya, hili ndilo linaloniuma zaidi.

Saa sita mchana tulikuwa tumeipita Morningside kidogo. Jua lilikuwa kali na watu wamechoka. Dada mmoja, mwenzangu wa kazini ambaye hakuwa amewahi kupanda mlima, aliniuliza: "Kaka, tumeshatembea kilomita ngapi? Na zimebaki ngapi?"

Nilipiga hesabu ya haraka kichwani. Mtu mzima akitembea barabarani huenda kilomita 5 kwa saa. Tumetembea saa tatu, basi ni 15. Nikatoa tatu za kupumzika, ikabaki 12. Kijana mmoja akatoa simu yake, programu ya kuhesabu hatua ikaonesha hatua 17,000 na kilomita 12. Namba mbili zilipokutana, nilijiona nimethibitishiwa. Nikatangaza ili wote wasikie: "Tumemaliza 12. Zimebaki tatu tu."

Hizo tatu zilizobaki sikuzipata popote. Hesabu haikuzitoa, simu haikuzionesha. Nilizitunga kwa kuwa niliona nyuso zimechoka, nikataka watu wasimame na kuendelea. Nilijiambia ni kutia moyo. Leo naliita kwa jina lake: uongo.

Kisha watu wakaliishi neno langu. Hili sikuwa nimelifikiria kamwe, kwamba anayetembea hugawa maji, chakula na nguvu zake kwa kufuata umbali alioambiwa. Yule dada alikunywa karibu maji yake yote pale pale. Mkate uliobaki akawapa watoto wa jamaa zetu. Alifanya busara kabisa kwa mtu aliyeambiwa zimebaki kilomita tatu. Tulipoingia msituni, njia ikawa na matope na mizizi, na mwinuko ukazidi. Saa moja ikapita, kisha ya pili. Kila aliponiuliza nilijibu tumekaribia. Saa nane nilijua moyoni kwamba tulipaswa kugeuka. Sikugeuza, kwa sababu kugeuka kungekuwa kukiri kwamba zile tatu hazikuwa tatu.

Tulifika karibu na minara saa kumi alasiri. Watu walipiga picha, wakanishukuru. Tukaanza kushuka. Huku kwetu, jirani na ikweta, jua likishazama hakuna machweo marefu. Nuru huondoka upesi, na chini ya miti mikubwa giza huwahi zaidi. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa bado msituni tukimulikia simu ambazo chaji yake ilikuwa inaisha. Miguu ya yule dada ilikuwa inatetemeka kwa uchovu na kiu. Alikanyaga mzizi wenye utelezi, mguu ukapinda, tukasikia akilia.

Tulimbeba kwa zamu hadi nje ya msitu. Kijana wetu mmoja alitangulia kuomba msaada, na vijana wa kijijini wakapanda na taa na machela waliyoifunga kwa miti na kanga. Walimteremsha usiku ule kwa uangalifu mkubwa na hawakudai chochote. Hospitalini picha ilionesha mfupa umevunjika. Akakaa na plasta wiki nyingi, bila kazi, akihudumiwa na mama yake.

Nilipoulizwa, niliwaambia watu kwamba simu ilitudanganya. Wote walikubali, hata yeye. Nami niliuacha uongo huo wa pili ukae juu ya ule wa kwanza.

Baadaye, dhamira iliponisumbua, nilitafuta ramani ya mizani ya 1:50,000, ambayo sentimita moja ni mita 500 ardhini. Nililaza uzi juu ya mistari ya njia, nikaufuatisha kila pindo, kisha nikaunyoosha kwenye rula. Mahali nilipotangaza kilomita 12, hatukuwa tumefikisha hata saba. Huko mbele kulikuwa na mita kama 800 za kupanda wima, sawa na tulizokwisha kupanda kutoka mjini hadi Morningside. Nusu ya mlima ilikuwa bado.

Nikaanza kujifunza nilipokosea, na naona ni haki nilieleze hilo pia, maana wengi wanaongoza wenzao kwa hesabu kama yangu.

Kosa la kwanza lilikuwa kuuchukua mwendo wa barabarani na kuupeleka mlimani. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila maili 3 za njia, na saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vyetu ni saa moja kwa kilomita 5 na saa moja kwa mita 600 hivi za mwinuko. Kutoka Morogoro mjini hadi Bondwa ni mita 1,600 za kupanda. Mwinuko huo peke yake unadai saa mbili na dakika 40, kabla hujahesabu urefu wa njia. Hata kama njia ingekuwa kilomita 10 tu, jumla inafika saa nne na dakika 40 kwa mtu mwenye mazoezi, kwenye njia nzuri, asiyepumzika. Kundi letu lilikuwa na watoto, na njia yetu ilikuwa na matope. Laiti ningeifanya hesabu hii nyumbani, ingenipa jibu lile lile la mama wa kikapu.

Nilikosea pia kudhani kwamba kushuka ni bure. Mwaka 1993 mwanajiografia Waldo Tobler alionesha kwa fomula kwamba mtu hutembea haraka zaidi penye mteremko mdogo sana. Mteremko ukiwa mkali, kasi hupungua tena, kwa kuwa kila hatua ni ya kujizuia usianguke. Mimi nilikuwa nimetenga kwa kushuka nusu ya muda wa kupanda.

Halafu ile simu. Programu nyingi za hatua huzidisha idadi ya hatua kwa urefu mmoja wa hatua. Hatua 17,000 za sentimita 70 zinakaribia kilomita 12, na barabarani zingekuwa sahihi. Mlimani hatua hufupika. Za kwetu zilikuwa za sentimita 40 hivi, na hatua 17,000 za namna hiyo ni chini ya kilomita saba. Simu ilihesabu hatua zetu vizuri. Mimi ndiye niliyepaswa kujua kinachohesabiwa. Hata kipimo cha setilaiti kina mipaka yake. Kwenye mabonde na chini ya majani mazito, ishara hugonga miamba na miti kabla ya kufika, basi alama yako kwenye ramani hutangatanga. Ukikaa kupumzika, simu yaweza kuendelea kukuongezea mita ambazo hukutembea. Na ikiwa inarekodi mahali ulipo mara chache ili kutunza chaji, inakata kona za njia ya kupindapinda na kukupunguzia.

Wengi tunaamini kwamba mlima unarefusha njia kwa sababu ya kuinama kwake. Nami niliamini. Hesabu ya pembetatu inasema vingine: kwenye kilomita moja ya ramani, ukipanda mita 300, mguu wako umepita mita 1,044 tu. Kinachorefusha njia ni kupindapinda kwake, na mapindo mengine ni madogo mno kuchorwa kwenye ramani. Lakini mwinuko ule ule, unaoongeza mita 44 tu, unaongeza nusu saa nzima ya safari kwa kanuni ya Naismith. Kwa hiyo mlimani kilomita ni kipimo dhaifu cha safari. Anayeuliza zimebaki kilomita ngapi, haja yake ni kujua kama maji yatamtosha, kama miguu itamfikisha, na kama giza litamkuta njiani. Hayo hujibiwa kwa saa na kwa mita za kupanda. Wenyeji wa milimani hujibu kwa saa na kwa jua kwa sababu hiyo, na jibu lao ni elimu kamili.

Yule dada nimemweleza yote haya ana kwa ana, pamoja na zile tatu nilizozitunga. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Ungeniambia hujui, ningebakiza maji." Sikuwa na la kujibu.

Siku hizi nikiwa na wenzangu mlimani, tunakubaliana saa ya kugeuka kabla hatujaondoka, na saa hiyo haibadilishwi na hamu ya mtu yeyote, hata yangu. Namchukua mwongoza njia wa pale pale na kumlipa stahili yake. Kila mtu anabeba tochi, hata kama tumepanga kurudi mchana. Nikiulizwa umbali, natoa kadirio langu kwa mapana yake: "Kati ya saa mbili na saa tatu, na sina hakika." Nimeona kwamba watu wazima hawavunjiki moyo kwa kuambiwa hivyo. Wanakaa, wanapima maji yao, wanaamua.

Wewe unayeongoza wengine, iwe ni wanafunzi wako, waumini wenzako au jamaa zako, nakusihi. Kukadiria si kosa. Kila msafiri hukadiria. Kosa ni kulivika kadirio vazi la hakika mbele ya watu waliokuamini. Ukiulizwa na hujui, sema hujui. Na ukimkuta njiani mtu anayeishi kwenye mlima huo akakuambia mmechelewa, geuka.