Wasifu Usiotaja Ugonjwa

Wasifu wa marehemu katika matanga ya kwetu Mundika, karibu na Busia, una mpangilio ambao hakuna aliyeuweka, lakini kila familia inaujua. Kuzaliwa kunatangulia, kisha wazazi, ubatizo, shule, ndoa, watoto kwa majina na wajukuu kwa idadi. Mwisho huja sentensi moja ya ugonjwa: alianza kuugua mwaka fulani, akatibiwa hospitali mbalimbali, akalala. Ukitaka kujua aliugua nini, utauliza kando, nyuma ya hema, kwa sauti ya chini, na utakayemuuliza atatazama kwanza ni nani aliye karibu.

Shangazi yangu alizikwa kwa wasifu wa namna hiyo. Aliuza omena na maharagwe soko la Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na alijua bei ya gunia pande zote mbili za mpaka kabla wengine hawajaamka. Alisomesha watoto kwa biashara hiyo. Wasifu uliyasema haya vizuri, hata watu wakacheka pale palipotajwa ukali wake kwa wadeni. Haukusema kwamba alikufa kwa saratani ya titi, wala kwamba uvimbe aliugundua mwenyewe akiwa anaoga, akaufunika kwa leso miezi mingi kwa sababu haukuwa unauma.

Walioandika siwalaumu. Titi lile lilikuwa limewanyonyesha watu wazima walioketi mstari wa mbele, na kulitaja kwenye kipaza sauti mbele ya wakwe ni jambo zito. Mabinti wengine walikuwa hawajaolewa, na jina la ugonjwa huu likitamkwa hadharani laweza kusikika kama laana ya ukoo. Tena kuna huruma ndani yake: mtu aliyeishi maisha marefu ya kazi hastahili kukumbukwa kwa maradhi yaliyokaa naye muda mfupi. Hoja zote hizi zina uzito. Tatizo ni kwamba gharama ya kimya hailipwi na waliokichagua.

Miaka baadaye binti yake aliona uvimbe kwenye titi la kushoto. Daktari alimuuliza: kuna mtu katika familia aliyewahi kuugua saratani ya titi? Akajibu kwamba hakuna, mama alikufa kwa kifua. Hivyo ndivyo alivyoambiwa akiwa msichana wa shule. Ukweli ulipojulikana baada ya simu kadhaa kwa wazee, daktari alitaka zaidi. Mama aligundulika akiwa na umri gani? Lilikuwa titi moja au yote mawili? Maabara ilisemaje kuhusu vipokezi? Hakukuwa na wa kujibu. Baada ya matanga nguo za marehemu zilikwenda kwa dada zake, sufuria zikagawiwa mabinti, na karatasi za hospitali zikachomwa pamoja na godoro.

Nimeifikiria karatasi ile kuliko ninavyoufikiria msalaba wa kaburi, kwa sababu nilikuja kuelewa mambo yanayoandikwa kwenye karatasi ya namna hiyo.

Saratani ya titi ni magonjwa kadhaa yanayotumia jina moja. Ili kuyatenganisha, mwanapatholojia huchukua kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe, hukigandisha ndani ya nta, hukikata vipande vyembamba sana na kuvitia rangi. Kisha anatafuta vitu vitatu: kipokezi cha homoni ya estrojeni, kipokezi cha homoni ya projesteroni, na protini iitwayo HER2. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yanayoamua dawa.

Anayeishi kati ya miji ya mpakani ya Busia na Malaba ana njia rahisi ya kuyaelewa, maana seli nayo ina mpaka wake. Ujumbe mwingi kutoka nje hauingii wenyewe. Hufika kituoni, hupokelewa na ofisa, na ofisa ndiye anayeupeleka ndani kutoka mkono hadi mkono. HER2 ni ofisa wa aina hiyo, protini iliyochomeka kwenye utando wa seli, nusu nje na nusu ndani. Ikishikana na mwenzake huamsha msururu wa protini zenye majina ya herufi: PI3K huamsha AKT, AKT huamsha mTOR, na kwa mkondo mwingine RAS huamsha MAPK. Amri inayofika kwenye kiini ni kukua, kugawanyika na kutokufa. Katika seli ya kawaida maofisa hawa ni wachache na hufunga kazi. Katika saratani kama 15 hadi 20 kati ya kila 100 za titi, jeni ya HER2 imejinakili kupita kiasi, na utando umejaa maofisa wasiofunga kazi usiku wala mchana.

Estrojeni haina haja ya kituo. Asili yake ni ya mafuta na utando wa seli ni wa mafuta, basi hupita njia za panya hadi ndani, hukutana na kipokezi chake, na wawili hao hukaa juu ya DNA na kuziwasha jeni za ukuaji. Saratani nyingi za titi duniani hutegemea njia hii. Na zipo zisizo na vipokezi hivyo viwili wala HER2 iliyozidi, ambazo madaktari huziita hasi-tatu. Hizi hukua haraka, huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo, na huonekana kwa wingi zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi. Wanawake waliorithi hitilafu ya jeni ya BRCA1, ambayo kazi yake ni kusaidia kuunganisha DNA iliyokatika, wakiugua saratani ya titi, mara nyingi huwa ya aina hii.

Ujuzi huu umekusanywa polepole. Mwaka 1896, daktari George Beatson wa Glasgow aliandika kwamba alipoondoa ovari za mwanamke aliyekuwa na saratani ya titi iliyoenea, uvimbe ulinywea. Alikuwa ameukata mkondo wa estrojeni kabla estrojeni yenyewe haijajulikana. Mnamo 1962, katika maabara za kampuni ya ICI nchini Uingereza, Dora Richardson alitengeneza kemikali iliyotarajiwa kuwa dawa ya kuzuia mimba. Kwa kazi hiyo ilishindwa. Kwa saratani ikawa tamoksifeni, kidonge kinachokalia nafasi ya estrojeni ndani ya kipokezi na kuiacha homoni ikikosa pa kushika. Mwanamke ambaye uvimbe wake una kipokezi cha estrojeni akikimeza kila siku kwa miaka 5, hatari yake ya kufa kwa ugonjwa huu katika miaka 15 hupungua kwa karibu theluthi moja. Kwa mwanamke asiye na kipokezi hicho, kidonge hakina faida.

Kwa wenye HER2 iliyozidi, Marekani iliidhinisha trastuzumabu mwaka 1998, kingamwili inayoishika HER2 kwa nje na kuinyamazisha. Shirika la Afya Duniani liliitia kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Hapa Kenya, kipindi kimoja cha dawa hiyo kiligharimu takribani shilingi 120,000, hadi makubaliano ya mwaka 2025 kati ya serikali na kampuni ya Roche yalipoishusha bei hadi 40,000, zilipwe na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Lakini hakuna anayepewa dawa hiyo bila karatasi inayosema HER2 imezidi.

Na karatasi yenyewe inategemea mambo madogo. Kinyama kinatakiwa kutumbukizwa kwenye fomalini ndani ya saa moja tangu kitolewe mwilini, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikichelewa, protini zake huanza kuoza, na kipokezi kilichokuwapo hakionekani tena. Mwanamke huandikiwa hasi kumbe alikuwa chanya, akanyimwa kidonge cha bei nafuu ambacho kingemfaa. Anayeijua barabara ya kutoka Mundika kupitia Bumala na Ugunja hadi Kisumu, au ile ya Bungoma na Webuye hadi Eldoret, anajua ni saa ngapi zinaweza kupotelea njiani, na ni familia ngapi hubeba chupa ya kinyama kwenye mfuko wa plastiki bila kuelezwa kilichomo.

Kuna jambo jingine nililojifunza katika kusoma haya, na ndilo lililobadilisha namna ninavyoomboleza. Mwili wenye afya unajua kupoteza. Mama anapomwachisha mtoto ziwa, seli zilizotengeneza maziwa hufa kwa mamilioni, kwa utaratibu, na seli jirani husafisha mabaki. Hakuna kidonda wala usaha. Kila siku ya maisha yetu seli zilizochakaa huondoka ili tuendelee kuishi. Protini iitwayo p53 hukagua DNA, na ikiona uharibifu usiotengenezeka huiamuru seli ijiondoe. Jeni ya p53 iko kwenye kromosomu ya 17, ile ile iliyobeba HER2 na BRCA1. Jeni hiyo ikiharibika, seli mbovu husikia amri ya kugawanyika peke yake. Ugonjwa uliomuua shangazi ulianzia kwenye seli iliyokuwa imepoteza uwezo wa kufa.

Kwa hiyo sina ugomvi na kifo chenyewe. Bila kifo hicho kidogo cha kila siku kusingekuwa na titi la kunyonyesha wala mtoto wa kunyonya. Wazee wetu wanaposema tukubali, wanasema jambo ambalo hata seli zinalijua. Lakini chini ya hema tumezoea kukubali kila kifo kwa kipimo kimoja, cha ajuza wa miaka tisini na cha mama wa miaka arobaini na mbili, na hapo ndipo ninapotengana na wasomaji wa wasifu. Kuna kifo cha kukubali na kuna kifo cha kuuliza. Makadirio ya mwaka 2020 ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani yalionyesha wanawake takribani 6,800 wa Kenya waligundulika na saratani ya titi mwaka huo, na zaidi ya 3,100 walikufa kwayo. Katika nchi tajiri, zaidi ya wanawake 90 kati ya 100 huwa hai miaka 5 baada ya kugundulika. Seli ni zile zile, na PI3K ya Mundika haitofautiani na ya London. Tofauti kubwa iko katika muda unaopita kati ya uvimbe na kipimo, na kati ya kipimo na dawa.

Kutaja kunaweza kuanza kuufupisha muda huo. Beth Mugo, alipokuwa Waziri wa Afya ya Umma, alijitokeza kusema kwamba ana saratani ya titi, na wanawake wengi walilisikia jina hilo likitoka kinywani mwa mtu aliye hai. Mnamo Julai 2019 saratani iliinyang'anya Kenya Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, mbunge Ken Okoth wa Kibra na gavana Joyce Laboso wa Bomet, wote ndani ya mwezi mmoja, na ugonjwa huo ukazungumzwa bungeni, makanisani na kwenye matatu. Okoth alikuwa ameutaja ugonjwa wake mwenyewe angali hai. Vifo vya wakubwa vilipewa jina. Vya mama wauza omena bado vinaitwa kuugua kwa muda mrefu.

Ni kweli kwamba saratani za kurithi ni chache, kama 5 hadi 10 kati ya kila 100, na wanawake wengi wanaougua hawana ndugu aliyetangulia. Lakini kimya hakiwabagui. Binti wa jirani aliyekaa kwenye kiti cha plastiki siku ile, akamsikia mwanamke akizikwa bila ugonjwa, alirudi nyumbani akiamini kwamba ugonjwa huu hauko kijijini. Naye akipata uvimbe usiouma ataufunika kwa leso.

Binti ya shangazi anameza tamoksifeni kila asubuhi. Karatasi yake inasema estrojeni chanya, HER2 hasi, na ameitolea nakala. Ya mama yake ilisemaje, hatutajua kamwe. Kati ya yote tuliyopoteza siku tulipomzika, hilo peke yake ndilo lililokuwa mikononi mwetu kulizuia.

Basi ninaomba sentensi moja iongezwe kwenye wasifu: aliugua saratani ya titi, aligundulika akiwa na umri huu, ilikuwa aina hii. Isomwe kwa sauti ile ile inayosoma majina ya wajukuu, maana wao ndio inaowahusu. Marehemu akiwa angali hai, aulizwe kama anaridhia. Wengi wataridhia wakielezwa sababu. Na kama kuna karatasi ya maabara nyumbani kwenu, usiichome. Ipige picha, iweke pamoja na hati ya shamba, na umwambie dada yako ilipo.