Fundi wa saa ya mzee

Mwezi huu naomba niongee juu ya saa. Siyo hizi za betri, ambazo zikizima unatupa tu. Hii ni ya kutia ufunguo. Marehemu baba aliivaa Uvira, na mwaka 1996 ilivuka ziwa ndani ya soksi yangu. Ndiyo kitu chake pekee tulichobaki nacho.

Iliposimama, fundi wa kwanza akataka niiache kwake wiki nzima. Nikamwambia, basi ifungue nikiona. Akakasirika, nikaondoka nayo. Saa za namna hii zina vijiwe vyekundu ndani, yetu imeandikwa 17, na skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Wakibadilisha, wewe utajuaje?

Mzee mmoja pale sokoni yeye aliifungua mbele yangu, juu ya kitambaa cheupe. Akanionyesha kamani: nzima. Shida ni mafuta, akasema, yamezeeka, yameshika vumbi mpaka yakawa kama gundi. Nikauliza, na kama kuna kipuri kimekufa? "Mwanangu, nikikikosa nakurudishia saa kama ilivyo." Hapo ndipo nilipomwamini, bei hata sikubishana.

Alisafisha kipande kimoja kimoja kwa petroli siku mbili, nami nimekaa palepale kwenye kigoda, chai naletewa. Akanikanya nisiweke mafuta ya cherehani, kama wengi wanavyofanya.

Sasa naitia ufunguo kila asubuhi. Watoto wanagombania kuiweka sikioni. Mwenye saa kama hii, mzee yuko upande wa washona viatu.