Kiambishi cha bibi

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, mkulima Mwisraeli anabeba kikapu cha malimbuko, anampa kuhani, kisha anasimulia. Anaanza na babu aliyeshuka Misri: nafsi ya tatu, umoja. Akifika kwenye mateso na kuokolewa, nafsi inageuka kuwa ya kwanza, wingi, ingawa msemaji mwenyewe hajawahi kuiona Misri. Nilipogundua badiliko hilo nilimkumbuka bibi yangu.

Bibi alikimbia Bukavu mwaka 1996, vita vilipoingia mjini, akatembea kwa miguu hadi Shabunda. Huko mama asiyemjua alimpa mkeka na mahali pa kulala. Mimi nina miaka 24. Hesabu ni rahisi. Hata hivyo, bibi akinisimulia husema: tulikimbia, tulilala njaa, tulipokelewa.

Mwaka jana jamaa moja iliyokimbia vita ilibisha hodi kwetu usiku. Chumba cha kuwapa kilikuwa changu, nami nilikuwa na mitihani. Nilinung'unika. Bibi hakunigombeza wala hakunitajia amri yoyote. Alianza tu: «Tulipofika Shabunda...» Nikamkatiza: «Bibi, mimi sikuwepo.» Akajibu: «Mjukuu wangu, ule mlango usingefunguliwa, wewe ungezaliwa na nani?»

Nikahamisha madaftari yangu.

Torati nayo hufundisha utii kwa njia hiyo. Katika Kutoka 20, sababu ya Sabato ni uumbaji. Katika Kumbukumbu la Torati 5, sababu ni utumwa: mtumishi wako apumzike, kwa kuwa nawe ulikuwa mtumwa. Sura ya 24 inamwachia mgeni, yatima na mjane masazo ya shamba kwa hoja ileile. Kitenzi cha Kiebrania ni zakar, ndugu wa dhakara ya Kiarabu, iliyotupatia dhikiri. Hapa kukumbuka hakuishii kichwani, kunadai tendo. Na sura ya 8 inaonya kwamba aliyeshiba na kujenga nyumba nzuri ndiye aliye karibu kusahau.

Sitajisifu. Nilitii, lakini kwa uso uliokunjamana siku kadhaa. Jamaa ile ilikaa nasi miezi minne. Siku hizi nikiwasimulia wadogo zangu habari za Shabunda, najisikia nikisema «tulifika». Kama mwanaisimu, najua kiambishi hicho hakilingani na tarehe yangu ya kuzaliwa. Sikisahihishi.