Mwaka mmoja wa mbio, na mlango tuliopita



Mwaka 2025 umekwisha, na sisi wamama wa kundi letu la Katuba tunataka kuwatolea hesabu, kwa sababu wengi wenu mlituona barabarani na wengi mlituuliza. Tangu tarehe 1 ya mwezi wa kwanza mpaka tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili, kundi letu lilikimbia kilometa 6 kila siku. Tulikuwa tunatoka Katuba, tunapita Kenya, tunafika karibu na uwanja wa TP Mazembe kule Kamalondo, kisha tunageuka. Mara 365. Mkijumlisha, ni kilometa 2,190. Ndege ikitoka hapa Lubumbashi kwenda Kinshasa haifiki kilometa hizo.

Tunashukuru Mungu. Lakini kuna siku moja katika zile 365 ambayo tuliikosea, na ndiyo tunayotaka muisome vizuri kuliko nyingine zote.

Tulianza hivi. Mwisho wa mwaka 2024, binti wa mmoja wetu alituonyesha kwenye simu habari za mama mmoja wa Ubelgiji, Hilde Dosogne, aliyepita miaka 50. Mama huyo alikuwa anakaribia kumaliza mwaka mzima akikimbia kilometa 42 kila siku, na alikuwa anakusanya pesa za utafiti wa kansa ya maziwa. Tulicheka sana. Mmoja aliuliza: "Na maji, nani anamchotea? Bukari, nani anamsongea?" Ndipo mama mzee wetu, yule anayeuza makala, akasema: "Msicheke. Sisi kila siku tunatembea na bidoni kichwani. Miguu tunayo. Tunachokosa ni saa moja ya kwetu wenyewe."

Tulinyamaza. Kwenye kartye yetu tulikuwa tumetoka kuzika wamama wawili, wote kwa sababu ya tansyo, na wote walikuwa bado na watoto wa masomo. Mmoja hakuwahi kupimwa hata mara moja. Basi tukasema: kilometa 42 ni za yule mama, sisi tutachukua 6.

Wiki ya kwanza tulikuwa 23. Wenye viatu vya kukimbilia walikuwa 9 tu, wengine walikuja na viatu vya plastiki. Tulikuwa tunavaa patalo, na juu yake kikwembe, ili tusisemwe. Tulisemwa hata hivyo. Vijana wa kwenye kona walikuwa wanatuuliza kama tumeiba nini na nani anatufukuza. Bwana wa mmoja wetu alisema mwanamke anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri anajua mwenyewe anakokwenda. Hatukugombana naye. Tulimwambia aje aone. Alikuja siku tatu, akiwa nyuma yetu na kinga yake, siku ya nne akabaki kulala.

Mbio zenyewe hazikuwa mbio. Tulikuwa tunakimbia kidogo, tunatembea kidogo, tunakimbia tena. Munganga mmoja alikuwa ametupa kipimo rahisi: ukiweza kusema na mwenzako unapokimbia, mwendo ni mzuri, na ukishindwa kusema, punguza. Kwetu sisi wamama kipimo hicho hakikuwa na shida, kusema tunajua. Mwanzoni tulikuwa tunatumia saa moja na nusu kwenda na kurudi. Tulikuwa tunarudi na matope mpaka magotini, kwa sababu ni majira ya mvua, na tunakuta watoto wameamka wanauliza chai.

Tuliweka daftari. Kila asubuhi mmoja wetu aliandika siku ya ngapi na watu wangapi. Siku ya 30, siku ya 50, siku ya 80. Pole pole daftari lile likawa na nguvu juu yetu. Mvua ikinyesha, tulitoka. Siku ya kilio, tulikimbia alfajiri kabla ya kwenda kuketi na wafiwa. Tulikuwa tunajivunia daftari kuliko kitu kingine. Tulikuwa tumebaki 16, na kila aliyekosa tuliandika "hakuja", tukaendelea.

Siku ya 97, tarehe 7 ya mwezi wa nne, mwenzetu mmoja hakuja. Alikuwa mtu wa kuja kila siku. Siku iliyotangulia pia hakuja. Nyumba yake iko kwenye barabara yetu yenyewe, mlango wake unaangalia njia. Tulipofika pale mmoja wetu alisema: "Tumwite?" Mwingine akajibu: "Mwache alale, tutachelewa." Tuliandika "hakuja" na tukapita. Tulikwenda mpaka Kamalondo, tukageuka, tukarudi tukiimba, maana zilikuwa zimebaki siku tatu tu tufikishe 100.

Tuliporudi, mtoto wake wa miaka sita alikuwa amesimama mlangoni analia. Mama yake alikuwa chini kando ya kitanda. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, mkono wa kuume haukuinuka, na alipotaka kusema, sauti ilitoka bila maneno. Mtoto alituambia mama alianguka kulipokuwa bado giza. Alikuwa ametusikia tukipita.

Hatutasahau neno hilo la mtoto. Alikuwa ametusikia tukipita.

Tulimbeba kwenye kikwembe, watu sita, mpaka mahali pa kupata gari. Pale tulipompeleka kwanza, waliuliza pesa ya kuweka kabla hawajamgusa. Mmoja wetu alikimbia kurudi kuleta sanduku la likelemba, na siku hiyo ndipo tulipojua mbio zinafaa nini. Walimpima: tansyo ilikuwa 21 kwa 12. Baadaye tukajua kuwa alikuwa ameacha dawa tangu mwezi wa pili. Pesa ya dawa aliilipia masomo ya mtoto mkubwa, na alikuwa anatuambia anajisikia vizuri. Pengine kweli alikuwa anajisikia vizuri. Tansyo haipigi hodi. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi bila kuumwa kichwa hata siku moja. Na mbio haziwi dawa kwa mtu aliyeacha dawa. Hilo sisi hatukulijua.

Mungu alimhurumia, hakufa. Lakini munganga alitueleza kuwa ubongo ukikosa damu unaharibika kila dakika inayopita, na sisi tulijua hesabu yetu: tulikuwa tumempita kwa saa moja na zaidi. Hakuna aliyetulaumu. Mwenyewe, alipopata tena maneno, hakutulaumu. Tulijilaumu wenyewe, na wiki hiyo wengine walitaka tuache kabisa. Mama wa makala alikataa. Alisema: "Hatukukosea kwa kukimbia. Tulikosea kwa kuhesabu kilometa na kuacha kuhesabu watu."

Tangu siku ile tuliweka sheria moja, na tuliiandika ukurasa wa kwanza wa daftari: hatupiti mlango wa aliyekosa. Asubuhi tunahesabiana. Asiyekuwepo, mbio zinaanzia kwake. Tunabisha hodi, tunamwona kwa macho, tunaongea naye, ndipo tunaendelea. Nyumba ikiwa mbali na barabara, tunakwenda huko huko, na hizo ndizo kilometa za siku.

Sheria hii ilitufundisha mambo ambayo miaka ya mikutano haikutufundisha. Mmoja tulimkuta amelala tu usingizi wake mzuri, akatutukana, tukacheka. Mwingine tulimkuta ana malaria na hakuna wa kumpikia watoto. Mwingine alikuwa hajala tangu jana yake, kwa sababu bwana alikuwa hajalipwa miezi mitatu, na alikuwa anaona haya kuja kukimbia na njaa. Sisi tulikuwa tunadhani amechoka na kundi. Na kuna mlango mmoja ambapo tulimkuta mwenzetu na jicho limevimba. Hatuandiki zaidi juu yake, ila tunasema hivi: bwana aliyefungua mlango na kuona wamama 12 wamesimama saa kumi na moja na nusu, wanamsalimia kwa heshima na kungoja, alielewa kuwa mke wake anahesabiwa kila siku.

Mwezi wa sita na wa saba baridi ilikuwa kali, na giza halikuondoka mpaka tulipokuwa tunarudi. Wengine walikuja na blanketi mabegani. Kisha vumbi likaja, kisha jakaranda zikachanua, kisha joto la mwezi wa kumi. Wakati huo kilometa 6 tulikuwa tunazimaliza kwa dakika 50. Vijana wa kwenye kona walikuwa wameacha kutucheka. Wawili walikuwa wanatangulia mbele yetu ili mbwa wasitusumbue.

Sasa tuseme ukweli wa hesabu. Kundi halikukosa siku hata moja, lakini katika sisi ni wawili tu waliokimbia siku zote 365. Wengine tulikosa kwa ugonjwa, kwa kujifungua, kwa safari, kwa kilio. Mmoja goti lake liliharibika mwezi wa tisa kwa sababu alikataa kupumzika, na hata leo anapanda ngazi kwa shida. Tulimaliza tukiwa 14. Kati yetu 5 walikuwa na tansyo tulipoanza. Kwa 4 imeshuka, na munganga ndiye aliyewapunguzia dawa wawili kati yao. Hawakujipunguzia wenyewe. Wa tano ni yule mwenzetu tuliyempita.

Kwa wamama wa makundi mengine wanaotaka kuanza, shauri letu ni hili. Pimeni tansyo kabla ya kuanza, kila mtu. Ikiwa ni 14 kwa 9 au zaidi, rudini kupima siku nyingine, na mwone munganga. Anayekunywa dawa asiiache kwa sababu anajisikia vizuri. Akikosa pesa ya dawa, aseme, na likelemba liwe na sehemu ya dawa kama lilivyo na sehemu ya kilio. Punguzeni chumvi kwenye sombe. Anzeni kwa kutembea. Na mkiona mtu mdomo umevutwa upande, au mkono hauinuki, au maneno yamepotea, msingoje kuona kama kutapita, msimpeleke kwanza kwa maombi. Mpelekeni lopitali saa ile ile, maombi tutafanya njiani.

Watu wanatuuliza kama mwaka huu tutakimbia tena kila siku. Hapana. Mwili unahitaji kupumzika, na goti la mwenzetu limetufundisha. Mwaka huu tunakimbia siku 5 kwa wiki. Siku 2 zinazobaki tunatembea nyumba kwa nyumba kuwaona wagonjwa na wazee wa kartye, saa ile ile ya alfajiri.

Mwenzetu tuliyempita anatembea sasa na fimbo. Mkono wa kuume bado ni mzito, lakini amejifunza kuandika na wa kushoto. Kila asubuhi anatoa kiti chake mlangoni, daftari magotini, na sisi sote tunaanzia pale kwake. Anatuita mmoja mmoja kwa jina. Hatuondoki mpaka amefika mwisho wa orodha.

Anayetaka kujiunga aje Katuba saa kumi na moja. Viatu tutatafuta pamoja.