Tulipokwama Kitonga

Katika nyumba yetu hakuna anayekwenda mbali bila kuombewa. Hata mtoto anayerudi shule ya bweni husimamishwa sebuleni, begi likiwa mgongoni, tukashikana mikono. Tumeishi hivyo tangu tulipooana, na tulidhani tunajua maana yake. Safari moja ya Mbeya ilituonyesha kwamba tulichokuwa tunakijua ni maneno tu.

Baba alikuwa mgonjwa. Alikuwa baba mzazi wa mmoja wetu, lakini kwa miaka mingi wote wawili tulimwita Baba, naye hakututofautisha. Dada yetu aliyekuwa akimuuguza Uyole alipiga simu usiku akasema, "Kama mnakuja, njooni sasa." Alfajiri tulikuwa stendi ya Magufuli, Mbezi, kila mmoja na kibegi chake, hatujatia kitu mdomoni.

Kabla basi halijaondoka alipanda mhubiri, kama ilivyo kawaida. Aliombea injini, akaombea breki, akayafunika matairi yote kwa damu ya Yesu, kisha akapita na bahasha. Wapo wanaowacheka wahubiri hawa. Sisi siku ile tuliitikia amina kwa sauti, na ndani ya amina hiyo tuliweka ombi letu: Bwana, tumkute hai.

Tulipoipita Morogoro dereva alianza kukimbia. Aliyapita malori kwenye kona ambazo haoni mbele. Tulishikana mikono tukaomba kimoyomoyo. Na hapa tuseme jambo ambalo hatukulisema kanisani tuliposimama kutoa shukrani: hatukutaka apunguze mwendo. Tuliogopa, ndiyo, lakini kila kijiji tulichokiacha nyuma kilitupa furaha. Tulikuwa tunamwomba Mungu mambo mawili yanayogombana, atufikishe salama na atufikishe upesi, halafu tukamwachia Yeye kazi ya kuyapatanisha ili sisi tusifungue midomo.

Aliyefungua mdomo ni bibi mmoja aliyekaa mbele yetu. Alikwenda akishika kiti baada ya kiti mpaka kwa dereva, konda akijaribu kumrudisha. Tulimsikia vizuri kwa sababu basi zima lilikuwa limenyamaza.

"Mwanangu, Mungu nimemwomba tangu Mbezi. Sasa nakuomba na wewe."

Dereva hakujibu, lakini alipunguza. Hifadhi ya Mikumi tuliipita kwa mwendo unaotakiwa, na abiria wengine wakapiga picha za pundamilia. Sisi tulikuwa tunatazama saa.

Wanaoijua njia ile wanajua kwamba baada ya mibuyu ya bonde la Ruaha Mbuyuni barabara inaanza kuupanda mlima Kitonga, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Tulifika pale kama saa nane mchana. Lori lilikuwa limelala katikati ya kona, limeziba njia yote. Hakuna aliyekufa, tulimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini magari yalisimama juu na chini, watu wakashuka, wengine wakatandika khanga kivulini.

Saa kumi na nusu simu iliita. Baba alikuwa amelala.

Hatukumbuki nani alilia kwanza. Tunakumbuka yule bibi aliinuka alipokuwa amekaa, akaja akaketi chini pamoja nasi. Hakutuambia kwamba ni mapenzi ya Mungu, wala hakutuambia tusilie. Alitupa maji, akauliza jina la marehemu, akauliza alikuwa mtu wa namna gani. Tukamweleza kwamba ujanani alikuwa utingo wa malori yaliyokuwa yakienda Zambia kwa barabara hii hii, na kwamba alikuwa hapendi chai isiyo na tangawizi. Ndipo akaomba. Ilikuwa sala fupi. Alimshukuru Mungu kwamba alikuwa na sisi pale barabarani na alikuwa na yule kule kitandani, na kwamba Yeye hakuhitaji kusafiri kutoka huku kwenda kule.

Njia ilifunguliwa usiku umeshaingia. Uyole tulishuka saa tisa za usiku.

Kwa miezi mingi baadaye tulipiga hesabu moja ambayo hatukuthubutu kumwambia mtu. Kama dereva asingepunguza, pengine tungeipita kona ile kabla ya lori. Pengine tungemkuta. Wakati mwingine tulimkasirikia yule bibi, kisha tukaona aibu, maana huenda tuko hai kwa sababu yake. Hesabu hiyo haina jibu, na tumeacha kumdai Mungu jibu lake.

Katika miezi hiyo ndipo tuliposoma tena Matendo ya Mitume sura ya 27. Tulikuwa tumeisikia ikihubiriwa mara nyingi kama habari ya Mungu kuwalinda wasafiri, nayo ni hiyo. Lakini Paulo alikuwa tayari amehakikishiwa na malaika kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea kati ya watu wote 276 waliokuwemo melini, na bado mabaharia walipotaka kutoroka na mashua hakukaa kimya. Alikwenda kwa akida na askari, akawaambia wazi kwamba wale wakiondoka, wao hawataokoka. Hakuona kwamba kusema huko ni kupungukiwa imani. Na meli yenyewe ilivunjika. Watu walifika ufukweni, wengine juu ya mbao, na shehena ikaishia baharini. Hilo la meli kuvunjika tulikuwa tukilisoma harakaharaka.

Siku ya arobaini dada alitueleza jambo alilokuwa amelisahau katika msiba. Mchana ule Baba alifumbua macho akauliza tumefika wapi. Dada alikuwa ametoka kuzungumza nasi kwenye simu, akamjibu kwamba tupo Kitonga. Baba akatikisa kichwa kama mtu anayeuona mlima. "Waambie wapande polepole," akasema. Dada hakutupigia kutuambia, kwa sababu tulikuwa tumesimama tu.

Mwezi ujao tunakwenda tena Uyole kujengea kaburi. Tiketi tumeshakata, viti viwili vya mbele, karibu na dereva.